Oili Iliyokataa Kuwa Nyeusi

Trekta ya kikundi ilinoki ikafa kwenye mlima wa kuelekea Malava, trela ikiwa imejaa miwa hadi juu. Waliokuwa wakipalilia kando ya barabara walisema injini iligonga ndani kwa ndani, ko, ko, ko, kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, kisha ikatoa moshi mzito na kunyamaza. Bramwel Wanjala, dereva wake, alirudi nyumbani kwa miguu. Habari zilikuwa zimemtangulia. Mkewe Nekoye alikuwa amekwisha kuzisikia kutoka kwa kila jirani, na kila jirani alikuwa ameongeza chumvi yake.

Bramwel alikaa kwenye kigoda nje ya jikoni bila kuvua viatu. Nekoye alimwekea obusuma, ugali wa moto, na mboga. Hakunawa mikono.

"Imekufa?" Nekoye aliuliza.

"Imekufa."

"Ya kufa kabisa, ama ya kutengenezwa?"

"Mama Jescah, imekufa."

Miaka ile miwa ndiyo ilikuwa mfalme katika sehemu zile za Kakamega. Watu walikuwa wameng'oa mpaka migomba ya nyuma ya nyumba ili wapande miwa, na aliyekosa trekta ya kubebea alitazama miwa yake iliyokatwa ikikauka shambani na kupoteza uzito huku akingoja zamu ya magari ya kiwanda. Ndiyo maana majirani wa kanisa moja walikuwa wamechanga wakanunua trekta kuukuu, wakaiosha, wakaiombea, wakampa Bramwel ufunguo. Kufa kwa trekta ile katikati ya msimu kulikuwa kama kufa kwa fahali wa ukoo. Ni lazima mtu aulizwe.

Na waliouliza hawakuchelewa. Ugali ulikuwa haujapoa walipoingia uani mwenyekiti Cornelius, mzee mpole mwenye koti la kijivu, na mweka hazina Lazarus, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Cornelius aliamkua kwa mkono, hata watoto. Lazarus alibaki amesimama.

"Mulembe, mama," Cornelius alisema. "Pole kwa haya yaliyotupata."

"Mulembe, mzee. Ketini basi."

"Hatukukuja kukaa," Lazarus alisema. "Bramwel, oili yetu ulipeleka wapi?"

Bramwel aliinua uso. "Oili gani?"

"Oili ya trekta. Fundi wa hapo barabarani ameangalia akasema injini imekufa kwa sababu ya oili. Na oili mimi ndiye nilinunua, kwa mikono yangu hii. Sasa kama nilinunua na injini imekufa kwa kukosa oili, mtu mwenye akili atasema nini?"

"Alisema kwa sababu ya oili. Hakusema kwa kukosa," Bramwel alisema polepole.

"Unaona? Ameanza kutufundisha Kiswahili."

Nekoye alisikia shingo yake ikipata moto. Alimtazama mumewe, akingoja aseme neno moja la kiume. Bramwel alikuwa akitazama vidole vyake.

*

Mambo ya oili yalikuwa yameanza mwanzoni mwa msimu, na yalianza kwa nia njema. Kikundi kilikuwa na utaratibu kwamba kila asubuhi mwanachama mmoja awepo trekta inapowashwa, ili mali ya watu iwe na jicho la watu. Ilikuwa zamu ya Zipporah, mjane mzee aliyependa kila kitu kiwe safi kama shuka za kanisa. Jana yake oili mpya ilikuwa imetiwa, ya rangi ya asali. Zipporah alipochomoa kile kijiti cha kupimia, akakuta nyeusi tititi.

"Bramwel, mwanangu, hii imekuwa masizi. Jana si ilikuwa inang'aa?"

"Oili ya dizeli inakuwanga nyeusi haraka, kukhu. Hiyo ndiyo kazi yake. Inabeba uchafu."

Zipporah aliridhika. Lakini aliposimulia jambo hilo kwenye mkutano, kama mtu anavyosimulia ajabu, Lazarus alisimama. Alisema hakuna kitu kizuri duniani kinachogeuka cheusi kwa siku moja. Alisema dereva ameuza oili mpya huko njiani na kutia ya zamani. Watu wakanong'ona. Basi pakaanza desturi ya kitambaa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, mwenye zamu alichomoa kijiti akakipangusa kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kikaonyeshwa watu waliokuwa pale. Kikiwa cheusi, Bramwel alikatwa mshahara wa siku hiyo. Vijana walikuwa wakija kutazama kama watu wanaokuja kutazama mchezo. "Leo ni mkaa!" walipiga kelele. "Leo ni chungu cha bibi!" Na Bramwel alipojaribu kueleza, walicheka zaidi, wakasema kila mwizi ana maelezo.

Mwishowe Lazarus mwenyewe alipata huko Malava pipa la oili isiyo na chapa, ile ya kuuzwa kwa kupimiwa. Ilikuwa rahisi, na ilikuwa na sifa moja ambayo iliwafurahisha wote: hata baada ya siku nyingi za kazi, kitambaa kilitoka kama kilivyoingia. Watu walipiga makofi. Zipporah alimshika Bramwel mkono akamwambia Mungu amemtetea. Mshahara haukukatwa tena. Bramwel alitazama ile oili nyeupe-nyeupe kwenye kijiti, akafungua mdomo, akaufunga. Jioni hiyo alimwambia mkewe, "Hii si oili, Mama Jescah. Lakini wameipenda." Nekoye alikuwa akipepeta mtama. Alisema, "Si angalau wamekuacha?" Neno hilo lilimrudia sasa kama mwiba uliosahauliwa kwenye kisigino.

*

Cornelius alirudi peke yake siku iliyofuata. Alikuja na sukari imefungwa kwenye karatasi, akampa Nekoye kwa mikono miwili. Nekoye alimheshimu kwa hilo. Mzee huyu ndiye aliyekuwa ameketi nao usiku kucha walipozika mtoto wao wa kwanza, na hakusahau kuulizia goti la Bramwel lililokuwa likimsumbua.

Alikunywa chai, akaisifu. Kisha akasema.

"Bramwel, mimi sikujia vita. Watu wana uchungu. Miwa imelala kwenye trela pale inachacha. Wengine wanataka polisi. Mimi nimewaambia hapana, huyu ni mtoto wetu. Jumapili baada ya ibada tutakuwa na mkutano hapo hapo kanisani. Usimame tu. Useme uliteleza. Ulichukua oili kidogo, shetani alikushika, unaomba msamaha. Watu wetu unawajua, wakiombwa msamaha wanalia wote. Tutaimba, tutakuombea, tutatengeneza injini, na wewe utarudi kwa usukani. Kazi yako ipo."

"Na akikataa?" Nekoye aliuliza.

Cornelius alizungusha kikombe. "Mama, akikataa sina maneno ya kumtetea. Hata miwa yenu wenyewe, nani ataibeba?"

Bramwel alikohoa. "Niseme tu niliteleza?"

"Neno moja tu. Uliiba, umetubu. Linaisha."

Mzee alipoondoka, Bramwel alimsindikiza mpaka kwenye kona, kama mtu mwenye adabu. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea. Nekoye aliona mumewe amepata nafuu, na nafuu hiyo ilimkasirisha kuliko matusi yote ya Lazarus.

"Unafikiria," alisema.

"Ni neno moja, Nekoye."

"Hilo neno halina miguu? Litabaki pale kanisani?"

"Watoto watakula. Nitarudi kwa usukani."

"Watoto!" Nekoye aliita binti yao. "Jescah, kuja hapa. Mwambie baba yako ulichoambiwa kisimani."

Jescah alikuwa msichana wa kuanza kuona haya. Alisimama mlangoni, akakunja ncha ya gauni. "Hakuna kitu."

"Sema."

"Walisema nisiteke kwanza. Walisema mtungi wangu utaacha mafuta kwa maji."

Bramwel aliinama. Jirani yao Phoebe, aliyekuwa amesimama uani akiazima ungo, alijifanya hakusikia, akamwita Jescah aende amsaidie kuchambua mboga kwake. Nekoye aliuona wema huo hata katikati ya hasira yake. Phoebe hakuwa na mboga yoyote ya kuchambua siku hiyo.

*

Palikuwa na mtu mmoja ambaye Bramwel alimtaja mara kwa mara kwa heshima: Oduor, fundi mkubwa kwenye karakana ya kiwanda cha sukari, aliyezoea kutoa ushauri kwa madereva wakiwa kwenye foleni ya mizani. Siku zake za mapumziko alikaa na familia yake mtaa wa Shieywe, mjini Kakamega. Nekoye hakumwomba mumewe ruhusa. Aliacha maharagwe motoni chini ya macho ya Jescah, akafunga kitambaa kichwani, akaenda mjini.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Beldina, mke wa Oduor, mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni. Nekoye alianza kueleza akiwa bado kizingitini, maneno yakimtoka ovyo.

"Ingia kwanza," Beldina alisema. "Umenyeshewa. Huwezi kueleza vizuri ukiwa umelowa."

Alimpa sweta yake mwenyewe, akamwekea chai na mkate. Hakuuliza kitu mpaka Nekoye alipomaliza kikombe. Ndipo alipomwita mumewe. Oduor alikuwa amevaa suruali ya nyumbani. Alimsikiliza Nekoye mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Hiyo oili yenu mpya ilikuwa haibadiliki rangi?"

"Haibadiliki hata kidogo."

Oduor alitoa sauti ya mtu aliyeonjeshwa kitu kichungu. Aliingia ndani kubadilisha nguo.

Trekta ilikuwa imevutwa pamoja na trela yake hadi uani kwa Cornelius. Oduor alijilaza chini yake juu ya gunia, akafungua bakuli la oili, akafungua na vifuniko vya beringi. Cornelius alikuwa pale, na Lazarus, na Bramwel amesimama mbali kidogo kama mgeni kwenye matanga. Oduor alitoka na vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama kucha kubwa. Vilipaswa kuwa laini. Vilikuwa na mashimo mashimo, kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi. Chini ya bakuli alikuwa amechota tope jeusi, zito kama lami.

"Weusi wenu huu hapa," alisema. "Mlidhani haupo. Ulikuwa umekaa chini unawangoja."

"Sema polepole, fundi," Cornelius alisema.

"Dizeli yetu ina salfa ndani yake, ile ya kiberiti. Ikiungua na kukutana na mvuke inakuwa asidi, ndugu ya ile ya betri. Inashuka ndani ya oili kila siku. Huwezi kuizuia isizaliwe. Unachoweza ni kuiua kabla haijala chuma. Kwa hivyo oili nzuri ya dizeli imetiwa dawa mbili. Moja inaua asidi. Nyingine inabeba masizi yasikae mahali. Ndiyo maana inakuwa nyeusi, kwa sababu imebeba. Na dawa inakwishanga. Ikiisha, unamwaga oili unatia nyingine, kwa saa zilizoandikwa, hata kama unaionea huruma. Hii mliyoweka haina dawa yoyote. Haikubeba kitu. Ilikaa safi, na asidi ikakula chuma."

"Kama musherekha," Nekoye alisema. Wanaume wakageuka. Hakuwa amekusudia kusema kwa sauti. "Yale maji ya majivu tunatia kwa mboga chachu. Ukitia kidogo, uchachu unabaki. Ukitia ya jana iliyolegea, uchachu unabaki."

"Hapo hapo, mama," Oduor alisema. Kisha akamgeukia Bramwel, na sauti yake haikuwa laini. "Na wewe pia. Mnakaa foleni ya kiwanda mkiacha injini inanguruma bure tangu asubuhi. Injini isiyo na mzigo haipati moto vizuri, inatoa jasho ndani, na jasho hilo ndilo linaifanya asidi iwe kali. Kwa nini hukuzima?"

"Betri ilikuwa mbovu. Nikizima haiwaki. Niliomba betri nikaambiwa nisukumwe na wenzangu."

Oduor alimtazama Lazarus. Lazarus alitazama kuku wa Cornelius.

"Kwa hivyo hakuna aliyeiba oili," Nekoye alisema. "Mzee, umesikia. Hakuna aliyeiba."

Cornelius alivua kofia. Alikuwa ameelewa, na Nekoye aliona wazi kwamba ameelewa kila neno. Alimshukuru Oduor, akampa jogoo, na Oduor akakataa jogoo. Kisha mzee akamvuta Nekoye na Bramwel kando, nyuma ya trela, mahali miwa ilipokuwa ikinuka kama pombe.

"Nimesikia," alisema. "Na mimi nawaamini. Lakini fikirieni pamoja nami. Kikundi ni watu wengi. Kila mmoja ameshika kile kitambaa. Nikisimama niseme trekta mmeiua nyinyi wenyewe, kwa mikono yenu, kwa kumcheka dereva, kikundi kitavunjika siku hiyo hiyo. Kila mtu atataka mchango wake. Hakuna trekta, hakuna kitu. Mzigo huu kikundi hakiwezi kuubeba. Mtu mmoja anaweza."

Nekoye alidhani hakusikia vizuri. "Unasema nini, mzee?"

"Nasema Bramwel ana mabega. Na tutamrudisha kazini, hilo naapa."

"Unajua hakuiba."

"Najua."

"Na unataka aseme ameiba."

Cornelius alifumba macho kama mtu anayeumwa na jino. "Mama, mimi natafuta njia ya watu wote kuishi."

Nekoye alivua sweta ya Beldina, maana ghafla aliona joto, akaikunja vizuri ili airudishe safi. Alijua akifungua mdomo atatukana mtu aliyemzikia mtoto.

*

Nyumbani Bramwel alikuwa amekwisha kuamua. Alikuwa hata amemwomba Jescah ampigie pasi shati la Jumapili.

"Umesikia alivyosema. Kikundi kitavunjika."

"Kivunjike."

"Watu wataumia, Nekoye. Zipporah hana mtu. Miwa yake ndiyo mume wake."

"Wewe ni mtu mzuri sana, Baba Jescah," Nekoye alisema, na hakusema kwa sifa. "Wewe ndiye hukusema chochote walipoleta ile oili. Uliijua. Uliijua kuliko wote! Ukanyamaza ili wasikucheke. Na mimi nikakuambia afadhali, kwa sababu na mimi nilichoka kuchekwa. Hilo ndilo kosa letu, na ni kubwa. Lakini la wizi si letu."

"Kosa ni kosa. Nitabeba hili badala ya lile."

"Haya. Beba. Lakini sikiliza. Siku utakaposimama mbele ya kanisa useme uliiba, mimi nitasimama nyuma yako niseme huyu mume wangu anadanganya katika nyumba ya Mungu. Wachague wao wenyewe, mwizi ama mwongo. Jina lako moja nitaliokoa hata kama ni kwa kuharibu lingine."

Katika miaka yote ya ndoa hawakuwa wamewahi kusimama hivi, mmoja upande huu wa moto na mwingine upande ule.

"Ungenifanyia hivyo?"

"Nijaribu."

Bramwel alikwenda kulala na mgongo wake ukiwa umeelekea ukutani, na Nekoye akaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

*

Baada ya ibada mabenchi yaligeuzwa yakatazamana. Watu walikuwa wamejaa, hata wasio wa kikundi. Nekoye alipoingia hakuna aliyesogea kumpisha, isipokuwa Zipporah, aliyevuta gauni lake na kupigapiga nafasi kando yake. "Keti hapa, mwanangu. Benchi hili halina mwenyewe."

Cornelius alifungua kwa sala. Kisha Lazarus akaeleza habari za oili, kwa sauti ile ya ng'ambo ya mto. Hakutaja mashimo kwenye chuma, wala Oduor, wala pipa la Malava. Alimaliza akasema ndugu yetu ana neno.

Bramwel alisimama. Shati lilikuwa limepigwa pasi mpaka likakakamaa. Kanisa likawa kimya, kimya cha watu wanaojiandaa kusamehe. Mama mmoja alikuwa ameshatoa leso.

"Sema, mwanangu," Cornelius alimwambia kwa upole. "Uliteleza."

"Niliteleza," Bramwel alisema.

Nekoye akasimama. Alisimama tu, mikono imeshika benchi la mbele, na watu wakageuka kumtazama. Bramwel naye aligeuka.

"Uliteleza," Cornelius alirudia, "ukachukua..."

"Niliteleza," Bramwel alisema, akimtazama mkewe, "kwa sababu niliona mnatia oili mbaya na sikupiga kelele. Niliogopa kuchekwa. Hilo ni langu na naomba msamaha. Oili sikuchukua. Sikuiba."

Kanisa lilipasuka. "Ah! Ah!" "Ameanza tena!" "Tulikuja kusikiliza hii?" Lazarus alikuwa amesimama juu ya benchi. "Kwa hivyo sisi ndio tumeua trekta? Semeni! Mnasikia anavyotutukana?"

Zipporah aliinuka kwa shida, akishikilia bega la Nekoye. "Ni mimi nilianza maneno ya weusi," alisema. "Na hii oili nyingine nilipangusa mwenyewe, nikafurahi. Kama oili iliibwa, ningepangusa nini? Si kijiti kilikuwa kimelowa kila siku?"

Watu wengine walitazamana, maana jambo hilo lilikuwa rahisi kiasi cha kuaibisha. Nekoye alimtazama Cornelius. Ilikuwa nafasi yake. Neno lake moja lingetosha.

Cornelius alitazama sakafu. "Mama Zipporah," alisema, "umechoka. Keti."

Basi likaisha. Walipiga kura kwa mikono. Mikono iliinuka mingi, mingine kwa haraka, mingine baada ya kutazama ya jirani. Phoebe hakuinua wake, akaubana mapajani. Bramwel alitolewa kazini na katika kikundi, na ikasemwa miwa yake isibebwe na trekta yoyote ya wanachama. Lazarus alinyoosha kiganja, na Bramwel akaweka ufunguo juu yake bila kuutupa.

Walitoka nje pamoja. Nekoye alitaka kupiga kitu. Mlangoni Cornelius alinong'ona, "Mama Jescah, nisamehe," na yeye akamjibu kwa sauti, watu wote wasikie, "Omba msamaha pale ndani, mzee, kwa sauti ile ile uliyomwambia yeye aombe."

*

Kazi iliyobaki ilikuwa ya panga. Wakataji miwa walianza mapema, umande ukiwa bado umelala kwenye majani, na nyapara wao alikuwa Osundwa, mtu mwenye kovu shavuni na sifa ya kutompenda yeyote. Nekoye alikwenda pamoja na mumewe. Alisema anakwenda kuuliza kibarua cha kupalilia, lakini ukweli ni kwamba hakutaka Bramwel afike pale peke yake, mtu aliyezoea kupita mashamba yale akiwa juu ya kiti cha trekta.

Wakataji walipowaona waliacha kuzungumza. Mmoja alifanya sauti ya injini kwa midomo, "Ko, ko, ko," na wengine wakacheka. Nekoye aligeuka kumtafuta aliyefanya hivyo. Bramwel alimshika kiwiko.

Osundwa alikuja akiburuta mabuti yake kwenye matope. Alimtazama Bramwel kutoka chini hadi juu.

"Wewe ndiye yule wa oili?"

"Ndiye," Bramwel alisema. Kisha, kabla Nekoye hajavuta pumzi, akaongeza kwa sauti ambayo mstari wote wa wakataji waliisikia, "Sikuiba."

Osundwa alitema mate kando.

"Sijakuuliza kama uliiba. Nimekuuliza kama ni wewe, kwa sababu nataka kujua nikuweke mstari gani. Hawa wa kulia wanapiga kelele mingi. Panga unayo?"

"Ninayo."

"Basi anzia kushoto. Na kata chini kabisa, sukari iko chini."

Bramwel aliingia shambani. Nekoye alisimama pale njiani mpaka alipolisikia panga lake la kwanza, na la pili, na akaendelea kusimama, ngumi zimekunjwa ndani ya leso, akiwatazama wale wa kulia mmoja mmoja mpaka kila mmoja akainama akaanza kukata.